Vichwa Ishirini na Vinne

Tahiru wa saluni alifika kibandani, mtaa wa Oli mjini Arua, asubuhi ya Jumatatu akiwa ameshika kipande cha waya mnene mwekundu, na hakusalimia. Kwa mtu kama Tahiru, ambaye salamu zake huanzia kwa watu wa nyumbani na kuishia kwa kuku, hiyo peke yake ilikuwa habari mbaya. Aliuweka waya juu ya meza ya Driwaru, kisha pembeni yake akaweka kichwa chake cha shaba, kile kikombe kidogo chenye tundu la kufungia kwenye bolti ya betri. Waya na kichwa vilipaswa kuwa kitu kimoja, maana Driwaru mwenyewe ndiye aliyevilehemu, miezi saba iliyopita.

"Mama, hii kitu nakatika yenyewe," alisema Tahiru. "Hakuna mutu nagusa. Mimi iko nanyoa mutu, nafika katikati, mashine nakufa. Jamaa nakwenda nyumbani na nywele upande moja. Oli muzima nacheka mimi."

Siku nyingine Driwaru angecheka mpaka ashike mbavu. Siku hiyo alichukua kisu, akalipasua ganda jekundu la waya taratibu. Chini yake hapakuwa na shaba. Palikuwa na unga wa kijani, na unga huo ulipanda juu urefu wa kiganja kizima. Alipozishika zile nyuzi nyembamba zilimvunjikia vidoleni. Alinusa, kisha akagusisha ncha ya ulimi, akatema haraka. Uchachu ule aliujua vizuri, kwa kuwa chupa yake ilikuwa chini ya meza, karibu na mguu wake wa kushoto.

Sasa hapo lazima mtu aelezwe habari za Mzee Alionzi. Huyu ndiye mwenye kibanda, na ndiye aliyemfundisha Driwaru kazi alipokuwa mjane wa miaka ishirini na minne asiyejua hata kushika koleo. Mzee Alionzi alikuwa fundi bati. Kwa miaka thelathini alitengeneza koroboi, birika na mirija ya kumiminia mafuta, na hakuna nyumba Arua ambayo haikuwahi kuwa na kitu cha mkono wake. Kabla ya kulehemu bati alilipaka maji ya betri. Maji yale makali hula uchafu na kutu, lehemu ikitiririka juu yake inashika bila ubishi. Akimaliza, koroboi inaingia kwenye karai la maji safi, inasuguliwa, basi. Sola zilipoingia mkoani West Nile na koroboi zikakosa wanunuzi, mzee akahamia kwenye waya, akahama na chupa yake. Hakuna aliyemwambia kwamba waya si bati. Bati unaliosha. Waya wenye nyuzi mia unayanywa yale maji kama utambi unavyokunywa mafuta, yanapanda chini ya ganda, na huko hakuna karai linalofika.

Driwaru alimfungia Tahiru waya mwingine wa muda kwa bolti, akamwomba radhi, akamsindikiza. Kisha akaketi.

Koboko. Miezi mitano iliyopita yeye na mzee walikwenda mji wa Koboko, kwenye nyumba ya kujifungulia ya Sista Kiden, wakafunga betri nane kubwa. Betri zile zinaendesha taa, friji ya chanjo, na mashine ya oksijeni ya watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao. Nyaya kumi na mbili, vichwa ishirini na vinne. Kila kimoja alikilehemu yeye, na kwa kuwa ilikuwa kazi ya watoto wachanga, kila kimoja alikipaka ile dawa ya mzee, maji ya betri, mara mbili ili kishike zaidi. Alipokumbuka hilo la mara mbili aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu afiwe na mume.

Hakulia. Alichukua kisu na kopo, akapanda kilima cha Mvara kwa miguu, akakwangua utomvu uliokauka kwenye miti ya paini. Alikuwa amewahi kupasua waya wa lori bovu, akakuta kwenye lehemu yake gundi ya rangi ya asali inayonukia paini, na shaba ikingali nyekundu baada ya miaka mingi. Hakujua zaidi ya hapo. Alirudi, akausaga ule utomvu, akaanza kulehemu vichwa vya majaribio.

Kichwa cha kwanza kilichomoka alipokivuta kwa mkono. Cha pili kilikuwa na lehemu ya kijivu, imejikunyata. Cha tatu alikitundika kwenye msumari, akaning'iniza dumu la maji la lita ishirini kwenye waya wake, dumu likaanguka likamlowesha mpaka magoti. Hapo ndipo alipong'amua kwamba maji ya betri yalikuwa yanawafichia uvivu. Utomvu haufichi. Ulitaka shaba ikwanguliwe mpaka ing'ae, na ulitaka kikombe chenyewe kishike moto, ili lehemu iyeyuke kwa kukigusa kikombe, si kwa kugusa chuma cha kulehemu. Kichwa cha nne kilibeba dumu tangu Jumanne asubuhi mpaka Jumatano saa tisa, na Mzee Alionzi alikuta bado linaning'inia.

Mzee, ambaye siku hizi hakufika kila siku, alikuja na sanduku lake kama kawaida. Sanduku lile la mbao za mvule alilitengeneza mwenyewe ujanani. Njiani lilibeba vifaa, na akifika kibandani aliligeuza kuwa kiti. Alilikalia, akatazama dumu.

"Wewe nauza maji siku hizi?"

Driwaru alimweleza yote. Alimwonyesha waya wa Tahiru, ule unga, zile nyuzi zilizovunjika. Alizungumza pole pole na kwa heshima, kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema waya ule ulikuwa feki, mali ya magendo, na unga ule ni vumbi.

"Baba, vumbi hapana kuwa kijani."

"Driwaru, hii dawa natengeneza taa ya nusu ya Arua. Hii dawa nasomesha watoto yangu sita. Leo wewe nasema iko sumu?"

"Kwa bati iko sawa. Kwa waya, ndiyo, Baba. Iko sumu. Kesho mimi nakwenda Koboko kukata vichwa yote."

Mikono ya mzee, ambayo kwa miaka miwili sasa ilikuwa inatetemeka, aliificha katikati ya magoti. "Kama wewe nakwenda kule kusema kazi ya Alionzi iko mbaya," alisema, "hapana rudi hapa. Mimi hapana gombana. Nasema tu."

Driwaru alimpenda mzee yule kuliko watu wengi wa damu yake, na kibanda kile ndicho kilichomtoa kwenye kulima vibarua kijijini Adumi. Aliyajua hayo yote. Aliteremsha dumu, akafungasha vyuma viwili vya kulehemu, sigiri ndogo, makaa, vichwa vipya na kopo la utomvu, halafu akapita madukani kutafuta waya mnene. Arua nzima ilikuwa na mita mbili tu. Akazinunua.

Alhamisi alfajiri, alipofika mahali gari la Koboko linapopakia, alimkuta Mzee Alionzi amekalia sanduku lake kando ya barabara, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Mimi nakwenda kuona tu," alisema mzee, akapanda gari na sanduku lake.

Sista Kiden alikuwa mkunga kutoka Yei, Sudan Kusini, aliyevuka mpaka wakati wa vita akiwa na begi moja la vifaa vya kuzalishia. Alikuwa mwembamba, mrefu, mkali kwa macho, na akina mama wa Koboko walimwogopa na kumtafuta kwa kiasi kilekile. Aliwapokea mlangoni akidhani wamepita kusalimia. Driwaru alikata shauri asizunguke.

"Sista, kazi ile mimi nafanya hapa iko mbaya. Vichwa yote. Ndani nakwisha pole pole. Kimoja kikikatika, umeme nakwenda. Nakuja kutengeneza upya."

Kiden alimtazama, akamtazama mzee, akarudi kwake. "Ndani iko mutoto wa siku tatu," alisema. "Mama yake nazaa kwa miezi saba. Tangu azaliwe nakunywa hewa ya ile mashine. Wewe naniambia mashine naweza kufa?"

"Ndiyo."

"Leo?"

"Leo, kesho, mwezi ujao. Mimi hapana jua."

"Mutu gani nafundisha wewe kufunga namna hii?"

Mzee Alionzi aliinamisha kichwa. Driwaru alijibu mara moja. "Mimi ndiye nafunga, Sista. Kosa iko yangu."

Kiden alitaka kufoka, na alikuwa na haki yote ya kufoka, lakini alikuwa mtu wa kazi. Aliuliza mashine itazimwa kwa muda gani. Driwaru alikuwa amelipigia hesabu jambo hilo njia nzima. Betri nane zilikuwa jozi nne, na jozi mbili zingeweza kubeba mashine ya mtoto peke yake kama taa na friji vitazimwa. Angefanya nusu moja, airudishe, halafu nusu nyingine. Zile nyaya mbili ndefu tu, zinazopanda kutoka kwenye betri hadi inveta, kile chombo cha kugeuza umeme, ukutani, ndizo zingelazimisha kila kitu kizimwe. Hizo angeziacha za mwisho.

"Na hiyo saa, mutoto nakunywa nini?"

"Sista iko na mtungi ya hewa?"

Mtungi ulikuwapo, mdogo, na mshale wake ulikuwa umelala karibu na sifuri. Kiden aliugonga kwa kucha. "Dakika ishirini," alisema. "Labda."

Driwaru aliwasha sigiri nje, chini ya dirisha, kwa kuwa betri hutoa hewa inayoshika moto na hakuna fundi mwenye akili anayelehemu karibu nazo. Alifungua nyaya za nusu ya kwanza, akazitoa uani, akakata kichwa cha kwanza na kupasua ganda. Kijani. Mzee Alionzi, aliyekuwa amekalia sanduku kivulini, alisema ni vumbi la Koboko. Cha pili, kijani. Cha tatu kilivunjika kabla kisu hakijakigusa vizuri. Cha nne mzee alinyoosha mkono bila kusema kitu, akapewa kisu, akapasua mwenyewe. Mkono ulitetemeka lakini kisu kilikwenda sawa, kwa maana kisu alikijua. Alilifungua ganda, akasugua ule unga katikati ya vidole, akautazama muda mrefu sana.

Kisha akavuta sanduku lake karibu na sigiri, akaanza kupepea makaa.

Walifanya kazi jua likipanda. Driwaru alikata kila waya mpaka alipokutana na shaba nyekundu, akaikwangua, akaipaka utomvu, akakisimamisha kikombe juu ya tofali na kukipasha moto mpaka lehemu ikazama yenyewe katikati ya nyuzi. Chuma kimoja kikipoa, mzee alikuwa tayari na kingine. Jasho lilimwingia Driwaru machoni, chuma kikamuunguza kidole cha shahada, akakinyonya na kuendelea. Kila kichwa kilipopoa alikikanyaga kwa mguu na kuuvuta waya kwa mikono miwili na uzito wake wote. Vichwa viwili vilimkatalia, akavitupa, akarudia. Mzee alitaka kusema kimojawapo kinafaa. Alikuwa ameshafungua mdomo, akaufunga.

Nyaya zilifupika, kwa sababu kila upande ulipoteza kiganja. Kati ya betri na betri palikuwa na nafasi ya vidole vinne, wakazisukuma betri mpaka zikagusana, na viungo vikafika. Viwili havikufika hata hivyo, na hapo ndipo zile mita mbili za waya mpya zilipokwenda zote. Saa nane mchana nusu zote mbili zilikuwa tayari, vichwa ishirini, na mashine ya mtoto haikuwa imenyamaza hata mara moja. Zilibaki nyaya mbili ndefu, vichwa vinne.

Driwaru alikwenda mlangoni. Kupitia upenyo alimwona mtoto ndani ya kofia ya sufi kubwa kuliko uso wake, na mama msichana aliyekuwa amemshika mguu kwa vidole viwili. Aligeuka haraka, kwa kuwa alihitaji macho makavu.

"Sista, nazima."

Kiden alihamisha mpira kutoka kwenye mashine hadi kwenye mtungi, akafungua, akatazama saa yake ya kifuani. "Yala, anza," alisema.

Mashine ikanyamaza. Nyumba nzima ilisikika tofauti. Driwaru alifungua nati nne, akatoka mbio na nyaya mbili shingoni. Mzee alikwisha kuvitia vyuma vyote viwili kwenye makaa mekundu. Akakata, akapasua, akakwangua. Kichwa cha kwanza kilishika, na cha pili. Kwenye cha tatu mikono yake ilianza haraka ambayo haikufaa, akaiona, akasimama akavuta pumzi mara mbili, ingawa sauti ya Kiden kutoka dirishani ilikuwa imetaja dakika kumi zilizobaki. Cha tatu kikashika, cha nne kikashika. Alivikanyaga na kuvivuta vyote vinne. Alikuwa anaogopa, lakini hakuruka hata kimoja.

Waya mweusi ulifika kwenye betri yake kwa kunyooshwa mpaka mwisho. Mwekundu haukufika. Ulining'inia kutoka kwenye inveta, kichwa chake kipya kinang'aa, na kati yake na bolti ya betri ya pembeni palikuwa na pengo la urefu wa mkono mmoja, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole.

"Dakika sita," alisema Kiden.

Driwaru aliuvuta waya kama vile ungeweza kurefuka kwa kuombwa. Alitazama huku na huku akitafuta tofali la kuinulia betri, na matofali yote yalikuwa nje yamelowa lehemu, madogo, hayatoshi. Kisha alisikia mngurumo wa vyuma nyuma yake. Mzee Alionzi alikuwa amesimama mlangoni na sanduku lake, amelipindua, na kila kitu alichokimiliki kikawa kimemwagika sakafuni: makoleo, mikasi ya bati, nyundo, na ile chupa, ambayo ilibingirika mpaka ukutani bila kuvunjika. Alilipeleka sanduku tupu kwenye pembe, akaliweka mdomo chini, akalipiga kofi.

"Hii nabeba mimi miaka makumi tatu," alisema. "Nabeba betri. Shika huko."

Betri ilikuwa na uzito wa mtu mzima. Driwaru alisema Baba acha, mgongo wako, na mzee alimwambia anyamaze ashike. Walihesabu pamoja, wakainua. Uso wa mzee uligeuka wa majivu na mikono yake ikatetemeka mpaka mabegani, lakini haikuachia. Betri ikapanda, ikagusa mbao, ikakaa. Kiungo chake cha jirani, kwa bahati, kilikuwa kimojawapo cha vile vya waya mpya, kirefu, kikaifuata juu bila shida. Driwaru aliuvuta waya mwekundu, kichwa kikaingia kwenye bolti, akakaza nati kwa spana mpaka ikalia.

Mashine ikaanza kuvuma.

Katika chumba cha pili Kiden aliurudisha mpira kwenye mashine. Halafu alisema, "Nakunywa," na sauti yake ilikuwa imelainika kabisa. "Mutoto nakunywa vizuri."

Driwaru aliketi sakafuni katikati ya vyuma vya mzee, akalia kidogo, kisha akafuta pua kwa mkono wenye masizi. Taa zikawashwa, na friji. Aliweka kiganja juu ya kila kichwa, kimoja kimoja, kuona kama kuna kinachopata joto. Vyote ishirini na vinne vilikuwa vya baridi.

Kiden alipotoka, Mzee Alionzi alivua kofia.

"Sista, asubuhi nauliza mutu gani nafundisha huyu," alisema. "Ni mimi. Ile dawa mbaya iko yangu. Yeye nasikia mimi tu, na leo yeye natengeneza makosa yangu mbele yangu."

Kiden aliwatazama wote wawili. "Malesh, Mzee, hapana kitu," alisema hatimaye. "Wengine nafanya makosa, hapana rudi." Akaonyesha pembeni. "Lakini sanduku yako iko chini ya betri yangu."

"Ikae hapo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mutoto nakuwa mkubwa."

Kabla ya kuondoka mzee aliiokota chupa yake, akazunguka nyuma ya nyumba hadi kwenye shimo la choo, na aliporudi mikono ilikuwa mitupu. Vifaa walivitia kwenye gunia la unga alilowapa Kiden. Mzee alitaka kulibeba yeye, na Driwaru hakubishana naye.

Kesho yake Driwaru alifika Oli asubuhi na mapema, hakujua kama bado ana nafasi kibandani. Milango ilikuwa wazi. Mzee Alionzi alikuwa amesimama katikati, anageuka huku na huku kama mgeni, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu ujana wake hakuwa na mahali pa kukaa. Driwaru alimletea lile dumu la maji, akalipindua, mzee akaketi. Lilikuwa chini mno, magoti yakamfika kifuani. Tahiru alikuwa amekwisha kufika, amesimama mbele ya meza na nyaya zake zote begani, na safari hii alikuwa anasalimia, ameshafika kwenye mbuzi.

Mzee alimwacha aendelee. Alichukua kisu, akakwangua shaba ya waya wa kwanza mpaka ikang'aa, akauinua kwenye mwanga na kuukagua. Kisha alisogeza kopo la utomvu hadi mbele ya Driwaru.

"Haya, Mwalimu," alisema. "Onyesha mimi. Toka mwanzo."